Haki ya Mama Nsimire

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nasi tuna enzi zetu, msitucheke. Watu wa mjini wakisikia kambi wanadhani utoto wetu wote ulikuwa foleni ya mahindi na vumbi jekundu. Foleni ilikuwepo, na vumbi lilikuwepo, tena lile la mwezi wa tisa linaloingia mpaka kwenye chakula ulichokifunika. Lakini tulicheza. Tulichora phada chini kwa kijiti tukaruka kwa mguu mmoja mpaka goti likakataa. Tulicheza fulaye, unajaza mchanga kwenye chupa huku wenzako wawili wanakutwanga kwa mpira wa plastiki, na atakayelia anarudishwa kwa mama yake. Shuleni tulikunywa uji, phala kama wenyeji walivyouita, na kila mtu alikuja na kikombe chake kimefungwa kiunoni kwa kamba. Watoto wa leo wanacheza kwa kidole gumba. Ukiwaambia wakimbie wanakuuliza kwa nini.

Mimi naitwa Mwajuma. Wazazi wangu walitoka Buyenzi, Bujumbura, wakanifikisha hapa nimebebwa mgongoni. Katika mstari wetu wa nyumba, Waislamu tulikuwa kaya mbili tu. Waliobaki walikuwa Wakristo, Wakongo wa Bukavu na Warundi wa milimani, wengine walokole, wengine Wakatoliki. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Mama Nsimire, fundi cherehani kutoka Bukavu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuwasimamisha watu njiani. Binti yake Nsimire alikuwa rika langu. Ukuta wa udongo baina yetu ulikuwa na tundu, na kwa tundu hilo tulipeana chumvi, kiberiti na siri.

Sasa nisikilizeni, maana hili nikiwasimulia vijana wa leo wanakunja uso. Katika mstari ule hakuna mtu aliyechinja kuku bila kumwita baba yangu. Hakuna! Awe mlokole, awe Mkatoliki, iwe Krismasi, iwe ubatizo, iwe kuku mmoja mgonjwa anayewahiwa kabla hajafa, kwanza mtoto alitumwa mbio: "Baba Mwajuma, mama anasema uje na kisu." Hapakuwa na kikao kilichoamua hivyo. Ilianza tu kwa sababu kitu kikiiva mstari mzima ulikula, na watu waliona aibu watoto wa jirani wakae na sahani tupu wenzao wakitafuna. Kwa hiyo kuku alichinjwa na mtu ambaye kila mmoja angeweza kula alichokichinja, basi, yakaisha.

Baba alinoa kisu chake kila Jumamosi. Siku ya Krismasi aliamka, akaoga, akavaa kanzu yake ya zamani na kwenda nyumba kwa nyumba, na watoto wa Kikristo wakimfuata nyuma wakipiga kelele kuliko sisi wenyewe. Walijua kibla upande gani! Baba akijifanya amesahau, anamlaza kuku kichwa huku na huku, wao wanaruka: "Geuza, Baba Mwajuma! Geuza, kibula iko huku, kwenye bomba!" Yeye anacheka, anageuza, anataja jina la Mungu, anakata. Hakupokea chochote, hata shingo. Mpaka saa sita mchana ilikuwa imebaki harufu ya manyoya yanayochovywa kwenye maji ya moto, na vitunguu, na moshi.

Mwaka mmoja Baba alikwenda Lumbadzi kuuza kaunjika, nguo zake za mitumba, akachelewa. Mrundi mmoja wa mwisho wa mstari alikuwa anaozesha, wageni wamefika, akapandwa na haraka akachinja mbuzi wake mwenyewe. Nyama ilikuwa imeshaingia jikoni alipokumbuka. Mtu mzima yule alikaa chini akashika kichwa. Baba aliporudi aliambiwa. Aliingia kwenye arusi, akaomba nsima, ule ugali wa wenyeji, na mboga za majani, akakaa katikati ya wazee akala kwa kelele na kusifia mboga, mpaka bwana yule akapata nguvu ya kucheka. Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakukasirika. Akasema, "Jirani ana haki kwako, awe anasali kama wewe au hasali kabisa. Na haki moja ni kutomwaibisha."

Kwa Mama Nsimire mambo yalikuwa makubwa zaidi. Yeye alipenda nguruwe, hakuficha, na mume wake alipenda kumshinda. Lakini alikuwa na sufuria moja ya kando, amefunga kitambaa chekundu kwenye kishikio chake, na ile ilikuwa yetu. Aliitundika juu msumarini peke yake. Akawatangazia watu wote wa nyumba yake, "Hii njo ya batoto ba Baba Mwajuma. Mutu akiweka nguruwe ndani, mi nitamufukuza, hata akiwa bwana yangu." Humo tulipikiwa sombe ya majani ya muhogo, maharage, na ndagala, dagaa waliotoka kwetu kwa safari ndefu. Nikiamka mama yangu amekwenda kuchota maji, niliisikia ile sauti kwenye tundu: "Mwajuma! Mukuye mukule, bugali inapola!" Mwezi wa Ramadhani alituzuia hata kuonja. Ukiingia kwake kabla ya magharibi ukajifanya una kiu, anakufukuza na mwiko. Alitulindia funga kuliko mama yetu.

Hayo ndiyo niliyoyaharibu. Mimi. Siyo vita, siyo serikali, siyo shetani wa nje.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Likizo ile alikuja kijana mmoja kutoka Lilongwe kutufundisha madrasa. Sauti yake ilikuwa nzuri, ndevu zake unaweza kuzihesabu, na alijua kila kitu. Baba alikuwa ametufundisha kusoma na kusali. Huyu alitufundisha kuwaogopa watu. Alisema mkono uliopika nguruwe hausafiki, na sisi tunaokula kwa makafiri tunajijaza moto tumboni. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani, mwenye kuinua mkono kabla swali halijaisha. Niliyameza yote. Hata siku moja sikumuuliza Baba, kwa sababu nilianza kumwona mzee wa watu asiye na elimu. Fikirieni! Mtu aliyenifundisha alifu kwa ujiti.

Wiki ya tatu ya likizo mama yangu alifariki. Aliugua siku nne tu. Mama Nsimire alikuwepo siku zote nne. Yeye ndiye aliyechota maji ya kumwoshea, ndoo baada ya ndoo kutoka bombani, akaziweka mlangoni na kusimama nje, kwa sababu alijua mahali pake pa kusimama bila kuambiwa. Kesho yake, mchana, watu wamekaa matanga kwenye mkeka, alikuja na ile sufuria kichwani. Wali na maharage. Dini yetu ndiyo inayosema waliofiwa wapikiwe na majirani, wasiwashe moto. Yeye hakusoma popote, alifanya tu.

Aliiweka mbele yangu kwa sababu mimi ndiye nilikuwa binti mkubwa. Akafunua. Mvuke ukapanda. Yule mwalimu wetu alikuwa amekaa upande wa pili na wanafunzi wenzangu, na niliona ananitazama. Nilisimama, nikaishika ile sufuria kwa ukingo, nikaipindua mchangani. Nikasema kwa sauti kubwa, wote wasikie, "Hatuli vya makafiri."

Mama Nsimire alitazama chini, kwenye wali, siyo kwangu. Halafu alichukua sufuria yake na kifuniko chake, akaondoka polepole, amevaa ile nguo nyeusi aliyoishona usiku wa kuamkia siku ile kwa ajili ya mama yangu.

Baba alitoka walipokaa wanaume. Nilidhani atanipiga. Laiti angenipiga. Alipiga magoti pale chini, akaokota wali na mchanga wake, akatia mdomoni, akatafuna mbele ya watu wote. Nilisikia mchanga kwenye meno yake. Akaokota tena. Alikula mpaka mzee mmoja alipomshika mkono.

Jioni aliniita. Hakuinua sauti. "Ungeacha sala, ningekuambia omba toba, Mungu ni mwingi wa rehema. Hili siyo la Mungu peke yake. Haki ya mtu iko mkononi mwa yule mtu. Mimi siwezi kukusamehe, shehe hawezi, na Mungu hatachukua cha yule mama akupe wewe. Nenda kwake."

Sikwenda. Siku ya kwanza kwa kiburi, maana wenzangu walinipongeza. Siku ya pili kwa kiburi. Siku ya kumi kwa aibu, na aibu ni nzito kuliko kiburi, wala haina siku inayopungua. Nilikuwa nikimwona anakuja bombani, naacha ndoo yangu kwenye foleni na kukimbia. Tundu la ukutani lilizibwa kwa udongo. Sikumwona aliyeziba, na sikuuliza.

Krismasi ile Baba alinoa kisu chake Jumamosi kama kawaida. Siku yenyewe alioga, akavaa kanzu, akakaa nje kwenye kigoda na kisu kimefungwa kwenye kitambaa mapajani. Kuku walilia huku na kule mstari mzima. Kila sauti ya mtoto akikimbia, alinyanyua kichwa. Mpaka adhuhuri hakuna aliyekuja. Hawakuwa wakali, tuseme haki, mmoja alipita akasalimia na kusema, "Hatukutaka kukusumbua, Baba Mwajuma." Aliitikia salamu vizuri, akaingia ndani, akavua kanzu. Hakuitwa tena na mtu hata mmoja mpaka alipokufa. Mtu aliyekuwa wa kila nyumba akawa wa nyumba yake tu, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Miaka ikaenda. Mwalimu yule aliondoka likizo ilipokwisha na sijui hata aliishia wapi. Familia ya Mama Nsimire ilihamia upande mwingine wa kambi, Nsimire akaolewa mbali. Mimi nilikwenda Lilongwe, nikapanga chumba Kauma, nikapata kazi ya kufagia ofisi City Centre. Ofisi ile ina ukumbi ambamo wanakuja watu wenye vitambulisho shingoni kufanya semina za kuvumiliana, Wakristo na Waislamu, chai na sambusa, na karatasi kubwa ukutani yenye mikono ya rangi mbalimbali imeshikana. Mimi ndiye ninayezoa makombo. Nimelisikia neno uvumilivu humo mara nyingi kuliko adhana. Baba yangu sijawahi kumsikia akilitamka. Kwani alikuwa anamvumilia nani? Alikuwa anaishi na watu wake.

Alipougua mara ya mwisho nilirudi kambini kumuuguza. Alikuwa amekonda, anaongea kwa shida, lakini swali lake lilikuwa lile lile aliloniuliza kila Idi. "Umekwenda?" Nilimshika mkono nikamwambia, "Nimekwenda, Baba. Amenisamehe." Akafumba macho, akasema alhamdulillahi mara tatu, na machozi yakamtoka pembeni. Alikufa baada ya siku mbili akiwa na furaha niliyomtengenezea kwa uongo. Hilo nalo nimelibeba. Mnaosema utotoni hakuna dhambi, njooni mnisaidie.

Mwezi uliopita nilialikwa arusi kambini. Jamani, arusi za siku hizi! Majiko mawili, sufuria mbili mbili, na karatasi zimebandikwa kwa gundi: Waislamu huku, Wengine huku. Foleni mbili, kama vile tunagawiwa mahindi. Sahani zetu zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito zisije zikachanganyika. Vijana wamesimama kwenye sufuria kwa ulinzi mkali, simu mkononi, mmoja anasikiliza fatwa ya dakika moja kuhusu vijiko. Enzi zetu mtoto wa Kikristo angewaonyesha kibla, nao wasingejua waanzie wapi.

Kijana mmoja akanijia kwa adabu nyingi, mkono kifuani. "Shikamoo, dada. Si ndiye wewe dada Mwajuma uliyemwaga sufuria? Madrasani tunasimuliwa habari zako. Tunakupenda sana kwa ajili ya Mungu." Akataka tupige picha.

Miaka yote ile nilidhani nimebeba jambo langu, kumbe lilikuwa linatembea lenyewe, limevaa nguo nzuri, linafundisha watoto. Nilimwambia, "Mwanangu, siku ile sikumtetea Mungu. Nilimdhulumu mwanamke aliyetupikia kwenye msiba." Alinitazama kama mtu aliyepewa chumvi kwenye chai. Nadhani bado wanasimulia, maana hadithi yao ni tamu kuliko yangu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijarudi mjini, nilikwenda. Nilinunua kitenge kizuri cha nta, nikaulizia nyumba. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, amekonda yule mwanamke, miwani imefungwa kwa uzi, anaingiza uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Nilipiga hodi. Nikaanza kusema jina langu.

"Mi nakujua," akasema. "We njo Mwajuma. Kaa."

Alinipa kigoda. Akainuka mwenyewe, akanichotea maji kwenye kikombe safi, akangoja ninywe. Kisha nikapiga magoti kwenye sakafu yake ya udongo nikasema yote. Nilisema niliyoyafanya bila kuyapunguza. Nilisema habari za mwalimu, nikaona ni udhuru, nikaziacha. Nilisema hata uongo niliomwambia Baba. Nikamwambia, dini yangu inasema haki hii ni yako, hakuna mwingine wa kunisamehe, nimekuja kuiomba.

Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Baba yako alikuya," akasema. "Kesho yake ya ile siku. Akaniomba musamaha mpaka nikaona haya. Nikamwambia, Baba Mwajuma, we hauna kosa. Mwenye kosa iko na miguu, akuye yeye. Mi nikangoya. Kila siku nilisema leo atakuya, iko mutoto, kichwa yake itapoa. Nilingoya mwaka, nikangoya mwaka ingine. We ulikuwa unaniona kwenye bomba, unakimbia."

"Ndiyo, mama."

"Ule muchele, unajua ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa mwisho. Ndani ya nyumba hamukukuwa kitu. Niliambia batoto bangu: mama ya Mwajuma amekufa, leo tutapeleka, sisi tutafunga mukanda. Nsimire alikubali. Nikarudi na sufuria mutupu, akaniuliza kama mulikula muzuri. Nikamwambia mulikula muzuri."

Nililia. Sitasema nililia kidogo. Nikamshika miguu, nikamwambia nisamehe, mama, kwa ajili ya Baba, kwa ajili ya mama yangu.

Akaniondoa mikono taratibu, akaitua magotini mwangu. "Mama yako nilimupenda. Baba yako, Mungu amupumuzishe. We pia sikuchukii, ungekuwa na njaa leo ningekupikia. Lakini hiyo neno, hapana. Unasema iko ya mi? Basi kama iko ya mi, mi njo najua siku ya kuitoa. Leo haiko."

Nikamwuliza ni siku gani.

"Sijui," akasema. "We uliniuliza mi ningoye mpaka siku gani?"

Kitenge alikataa. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akanitakia safari njema kwa sauti ile ile, ila imepungua, akarudi kwenye cherehani yake. Niliisikia ikianza kunguruma kabla sijafika njiani.

Nikiwa na miaka kumi na minne, msamaha ule ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Ningevuka pekupeku, ningelia kidogo, angenipiga kofi la mgongo na kunitukana kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu, kisha angenipakulia, na jioni hiyo hiyo Baba angenoa kisu chake. Sasa nina miaka zaidi ya thelathini, napanda minibasi kutoka Lilongwe, nashuka Lumbadzi, natafuta gari lingine, kisha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka mlangoni pake, na nikifika napewa kigoda na maji ya kunywa. Nimeshakwenda mara tatu. Kila mara ananisalimia vizuri, anauliza habari za kazi, na mimi nauliza lile moja, naye anatikisa kichwa. Anakohoa siku hizi. Nami kila nikipanda kabaza kwenda kwake namwomba Mungu amzidishie umri, na najua siombi kwa ajili yake.